Koo la Kengele

Daktari alizima kitochi chake, akavuta kiti karibu, akasema bila kuyapaka maneno sukari. Kwenye nyuzi za sauti kumeota kinundu. Jumanne kitatolewa. Mpaka siku hiyo mgonjwa aseme maneno machache, tena kwa sauti ya chini. Kelele marufuku.

"Kesho kuna mechi," mgonjwa alisema, na sauti yake ikakwaruza.

"Najua."

"Mechi yenyewe, daktari. Sisi na ng'ambo."

"Najua, mzee wangu. Ukipiga kelele kesho kama unavyopiga siku zote, Jumanne kinundu nitakitoa, lakini sauti sikuahidi."

Mgonjwa alimkazia macho. "Kwani wewe kwenu upande gani wa reli?"

Daktari alicheka mpaka miwani ikamteleza puani. "Ng'ambo. Lakini koo halina timu."

"Ahaa!" mgonjwa alisema, akamgeukia mkewe kama mtu aliyepata ushahidi. Mkewe akamfinya paja, akamwambia anyamaze kama alivyoambiwa.

Mji mzima ulimwita Kengele. Kwa kazi alikuwa fundi makochi, na makochi yake hayakuwa na kasoro, ila hakuna aliyemheshimu kwa makochi. Waliomheshimu walimheshimu kwa sababu ndiye aliyeongoza nyimbo kwenye jukwaa la upande huu wa reli, tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Na kiongozi wa nyimbo, kwa taarifa ya asiyejua, huupa uwanja mgongo na mashabiki uso. Basi huyu bwana, shabiki wa kufa na kupona, hakuwahi kuona hata bao moja la timu yake kwa macho yake. Mabao aliyaona kwenye nyuso za watu: macho yanatoka, midomo inaachama, mikono inapaa, naye anajua kabla wavu haujatulia. Mkewe alizoea kumtania kwamba hata timu ikibadilishwa nyuma yake, yeye ataimba tu.

Walirudi nyumbani kwa miguu, na njia nzima Kengele alitazama mji wake kama mgeni. Siku nyingine zote watu huivuka reli bila kufikiri, kwenda sokoni, kwenda kuposa, kwenda kuzika. Wiki ya mechi ikifika, reli inakuwa ukuta. Kinyozi anakuuliza kwanza wewe wa wapi, ndipo atie wembe. Mume na mke waliotoka pande mbili wanalala mzungu wa nne. Siku hiyo bendera zilikuwa zimefungwa kwenye kila dirisha, kwenye mikokoteni, hata kwenye kamba za nguo, na watu walizungumza kwa sauti za chini bila kuambiwa na daktari yeyote. Kengele aliogopa, na hakuona aibu kuogopa, kwa maana jambo lenyewe lilikuwa kubwa kuliko yeye na alilipenda.

"Baba Pacha," mkewe alisema. "Umemsikia daktari?"

"Nimemsikia."

"Mimi sikuwahi kukukataza. Sauti yako ya jukwaani nimewaachia wao, miaka yote hiyo. Lakini ile ya nyumbani ni yangu, na siitoi. Nataka kuzeeka na mtu anayenijibu."

Kengele alipiga teke kijiwe cha njiani.

"Leo wakija mazoezini, uwaambie," mkewe aliendelea. "Kaka yangu aongoze kesho."

"Kaka yako? Kaka yako akiimba, nyama inachacha buchani kwake."

"Basi ichache."

Alasiri watu walianza kuingia uani, nyuma ya karakana ya Kengele, maana kila siku ya kuamkia mechi nyimbo mpya zilifundishwa hapo. Walikuja wauguzi na waashi, madereva, dada wa saluni, na mwalimu mkuu mstaafu, bibi mwenye mto wake mwenyewe wa kukalia, aliyewahi kuwafundisha nusu ya waliokuwepo. Walikaa juu ya fremu za makochi, juu ya marundo ya sponji, na waliokosa nafasi wakapanda ukutani. Shemeji wa Kengele alifika na ngoma yake kubwa, bado ana aproni ya buchani.

Kengele alisimama juu ya kochi lisilo na kitambaa. Hotuba aliitayarisha vizuri kichwani: nimeugua, shemeji ataongoza, Mungu ni mwema. Kabla hajafungua mdomo, shemeji akapiga ngoma mara moja na kunguruma, "Kimya! Kengele ana wimbo!"

Ua mzima ukanyamaza, nyuso zote zikamgeukia. Hapo hotuba ikamtoroka. Angewaambiaje? Ng'ambo walikuwa wameshinda mwaka jana na mwaka juzi, na watu hawa walikuwa wameweka matumaini yao yote kwenye koo moja bovu. Akaona heri kwanza awape maneno ya wimbo, ugonjwa utafuata. Basi akayasema kama alivyoamriwa na daktari, kwa kunong'ona:

"Tulikuwepo. Tupo. Mkija, mtatukuta."

Na ua mzima ukamjibu kwa kunong'ona:

"Tulikuwepo. Tupo. Mkija, mtatukuta."

Kosa hilo wasingelifanya watu wengine duniani. Hawa walikuwa wamezoea kumfuata Kengele neno kwa neno na pumzi kwa pumzi. Mwaka fulani alipiga chafya katikati ya ubeti, na mpaka leo ubeti ule unaimbwa na chafya yake ndani. Kwa hiyo aliponong'ona, hakuna aliyefikiria ugonjwa. Walidhani ndivyo wimbo ulivyo.

Lakini mnong'ono ule! Umati wote ule, kila mtu akitoa pumzi tu, na pumzi zote zikitoka pamoja. Kengele nywele zilimsimama. Nje barabarani mwenye mkokoteni alisimama, akachungulia. Shemeji aliinua vijiti vyake akasahau kuvishusha.

"Shemeji, umetumaliza!" alisema. "Kesho jukwaa zima likianza hivi, ng'ambo watadhani wameingia makaburini!"

Kengele alitikisa kichwa. Aliona asipoyasema sasa, hatayasema tena. "Jamani, sikilizeni," alinong'ona. "Koo langu bovu."

"Jamani, sikilizeni," ua ukajibu kwa utaratibu mzuri kabisa. "Koo langu bovu."

"Sio wimbo!"

"Sio wimbo!"

Shemeji akaanza kutia ngoma. Mlangoni mwa karakana mkewe Kengele alikuwa ameshika mkasi wake wa vitambaa, akicheka huku machozi yakimtoka. Aliyewaokoa ni mwalimu mkuu mstaafu. Alinyanyuka kwenye mto wake, akapiga makofi mawili kama enzi za darasani.

"Nyamazeni nyote! Mtu anawaambia anaumwa, ninyi mnaitikia! Sema, mwanangu."

Akasema. Kinundu, Jumanne, kwamba akipiga kelele kesho huenda asiongee tena. Alisema kesho atakuwepo lakini hataimba, na aliposema hivyo alitazama miguu yake, kwa kuwa kwa mara ya kwanza hakutaka kuziona nyuso zao.

Mtu mmoja upande wa ukutani, pengine muashi, pengine muuguzi, alianza taratibu: "Tulikuwepo." Wengine wakadaka: "Tupo." Safari hii hakuna aliyewaongoza. Wimbo ulianza kwa mnong'ono uleule, ukarudi mara ya pili ukiwa umepata sauti, mara ya tatu ngoma ikaingia, na mabati ya karakana yakaanza kutetemeka. Mikono ya Kengele ilinyanyuka yenyewe, kwa mazoea. Sauti ilipanda nayo mpaka pale, mwisho wa ubeti, ambapo miaka yote yeye ndiye aliyepasua hewa kwa neno la mwisho. Kifua kilimjaa. Mdomo ulifunguka. Akamwona mkewe mlangoni. Hakuwa anacheka tena, wala hakumkanya. Alimtazama tu.

Kengele akaufumba mdomo, na akaumia kama mtu aliyejibana kidole mlangoni.

"MTATUKUTA!"

Lilimpiga usoni. Alirudi nyuma hatua moja, nusura aanguke kutoka kwenye kochi. Lilitoka kwa wauguzi na madereva, kwa bibi aliyesimama juu ya mto wake, kwa wanaume waliokuwa wakilia bila kujifuta, na lilikuwa sauti moja tu. Hakuwahi kuisikia. Miaka yote hiyo alisimama mbele yake, na kilichomjaa masikioni kilikuwa sauti yake mwenyewe. Alishuka, akaenda mpaka mlangoni kwa mkewe.

"Kumbe ndivyo tulivyo?" alinong'ona.

"Ndivyo mlivyo siku zote. Mimi huwasikia kutoka jikoni."

"Na mimi? Mimi hunisikia?"

Mkewe alimfuta jasho kwa upindo wa kitenge chake. Hakuwa mtu wa kudanganya, hata kwa mapenzi.

"Kila mwaka huzima jiko, nikatega sikio nikutafute humo ndani," alisema. "Sijawahi kukupata, Baba Pacha. Ni wao tu."

Kengele alingoja uchungu uje. Haukuja. Kilichokuja kilikuwa kikubwa zaidi, na hakuwa na jina lake. Alimwashiria shemeji waanze tena, akavuta kochi moja bovu mpaka pale mlangoni, akaketi na mkewe, akafumba macho asikilize.