Mlo Mmoja wa Polikarp

Fuso lilikuwa limeshaanza kutembea, na Cornelia bado anakwenda nalo sambamba, mkono mmoja umeshika kitenge kisianguke, mwingine unagonga mlango.

"Baba Flavian, ukale! Umesikia? Kwa wifi ukale!"

"Nimesikia, mama."

"Hujasikia! Mwaka ule pia ulisema umesikia!"

Saad akakanyaga mafuta, na Cornelia akabaki nyuma pale kwao Kasense. Mzee Polikarp akaweka kofia magotini, akashusha pumzi.

"Kwani kula ni kazi, mzee?" Saad akauliza. Alikuwa kijana wa mjini Sumbawanga, anapeleka mbolea Laela, na alikubali kumpakia mzee bure ili apate mtu wa kupiga naye soga.

"Kwangu mimi, mwaka huu ni kazi."

Akamsimulia. Miaka minne nyuma, siku ya misa ya kumwombea marehemu mama yao, Polikarp aligombana na dada yake mkubwa, Dominika, kwa ajili ya shamba la mama. Chakula kilikuwa kimeshaandaliwa. Yeye akavaa kofia akaondoka, sahani yake ikabaki inafuka mvuke mbele za watu. Tangu siku hiyo dada hakumsemesha. Sasa Kwaresima imeingia, Polikarp amekwenda kuungama, na padre hakumpa rozari wala nini, kampa malipizi ya miguu: aende Laela akapatane na dada yake. Akatuma salamu kwanza. Jibu likaja fupi: "Aje. Akila kwangu, ni ndugu yangu. Asipokula, asirudi tena."

Lingekuwa jambo jepesi kama si mdomo wake. Jumatano ya Majivu jumuiya ilikaa nyumbani kwake, kila mtu akasema atajinyima nini. Mmoja akaacha pombe, mwingine sukari. Polikarp hapendi kushindwa. Akasimama akasema yeye siku zote arobaini atakula mara moja tu kwa siku. Watu wakapiga makofi. Cornelia hakupiga.

"Kwa hiyo mlo wa leo unautunza kwa dada," Saad akasema.

"Hapo sawa. Tangu jana mchana sijatia kitu tumboni."

"Basi tuko wawili." Mwaka huo Ramadhani na Kwaresima zilikuwa zimeingia pamoja. "Ila mimi alfajiri nimekula daku. Wewe daku yako iko wapi?"

"Sisi hatuna daku."

"Poleni sana," Saad akasema kwa huruma ya kweli, na wote wawili wakacheka.

Kabla ya kufika Laela tairi likapasuka. Wakati wanahangaika na jeki, mama mmoja akatoka kwenye mahindi ya kando ya barabara, jembe begani. Alikuwa Monika, binamu yake Cornelia.

"Shemeji! Upite nyumbani kwangu kama mwizi?"

Wakavutwa mpaka ndani. Saad akasema amefunga. Monika akasema, "Pole mwanangu, pumzika kivulini." Polikarp naye akasema amefunga. Monika akamtazama juu mpaka chini.

"Wewe? Shemeji, acha maringo. Wakatoliki tunapunguza, hatuachi."

Ugali ukaja, na dagaa wa Kirando waliokaangwa na nyanya. Polikarp alikusudia kumega tonge moja la heshima. Wanaojua njaa ya siku nzima wanajua tonge moja la heshima linavyoita wenzake. Alipozinduka, sahani ilikuwa nyeupe.

Akaduwaa. Mlo wa leo umekwisha, na kwa Dominika bado hajafika! Monika akaleta maji ya kunawa. Ndipo Polikarp akakumbuka walivyolelewa: chakula huanza kwa maji na huisha kwa maji. Kwa mama yao, mtoto aliyeshanawa harudi kwenye sahani, hata nyama ikibaki.

Akarudisha mkono nyuma haraka. "Usinimiminie, shemeji."

"Hujanawa, mzee," Saad akasema.

"Sijamaliza kula."

"Sahani si tupu?"

"Namalizia Laela."

Monika akamwuliza Saad kwa macho kama mzee yuko salama.

Safari ikaendelea, mkono wa kulia wa Polikarp uko juu kama wa mtu anayeapa mahakamani. Ugali ukamkaukia vidoleni. Nzi wawili wakapanda gari bila nauli.

"Mzee, utoe mkono nje," Saad akalia. "Mimi nimefunga, na wewe unanifuturisha kwa harufu!"

Jua lilikuwa limeinama walipofika. Dominika alikuwa mlangoni, mwembamba, wima, kavaa kitenge cha kanisani. Polikarp akashuka kama mtoto aliyevunja chungu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba." Akanyoosha mkono.

Polikarp akampa kiwiko.

Dominika akakitazama kile kiwiko. "Miaka minne," akasema taratibu, "halafu unakuja mpaka mlangoni kwangu kuninyima mkono." Akageuka, akaingia ndani.

"Sema ukweli, mzee," Saad akanong'ona. "Haraka, kabla hajafunga mlango."

Polikarp akamfuata mpaka jikoni, akaeleza yote akiwa amesimama: makofi ya jumuiya, tairi, dagaa, maji aliyoyakataa. Dominika akausogelea ule mkono, akaunusa. Mdomo ukamcheza.

"Una miaka mingapi, Poli?"

"Sitini na saba."

"Kanisa halimfungishi mtu wa umri huo. Aliyekufungisha ni nani?"

"Nilimwahidi Mungu."

"Ulimwahidi Mungu, au waliokupigia makofi?"

Polikarp akaushusha ule mkono.

"Bwana Yesu alikula kwa watoza ushuru," Dominika akasema. "Alikula kwa Mafarisayo, alikula kwa Martha. Alipoalikwa, alikwenda. Umesikia wapi kasimama mlangoni kwa mtu akasema, samahanini, leo nimeshakula?"

Akachukua jagi na beseni. Akasimama tu, hakumbembeleza.

Polikarp akaziona zile nyuso za jumuiya, mwenyekiti na daftari lake, wakimwuliza Jumapili ametimiza siku ngapi. Aibu ikampanda mpaka masikioni. Kisha akaona dada yake bado kashika jagi, anamngoja. Akainama, akanyoosha mikono yote miwili. Maji yakamwagika, akasugua vidole kimoja kimoja. Mlo wa Monika ukaishia pale.

Ugali wa ulezi ulikuwa mlima, na kuku mzima kando. Tumbo lilikuwa halina nafasi hata ya karanga. Akala. Kila alipopumua dada akamwongezea, na kila alipoongezewa akasema asante. Adhana ilipolia Saad akatoa tende mfukoni, akasogea mkekani na kikombe cha uji.

"Umemshinda hata mwenye futari, mzee," akasema.

Dominika akacheka mpaka akajifuta machozi. "Haya," akasema, "sasa lete maneno ya shamba."

Shamba waligawana nusu kwa nusu. Dominika analima maharage, Polikarp mahindi. Jumapili ile Polikarp aliungama mbele ya jumuiya kwamba alikula mara mbili, na Kwaresima iliyobaki akala asubuhi na jioni, sahani ndogo. Mwenyekiti alinuna wiki moja. Dominika alikuja Kasense kwa Pasaka, akakaa wiki tatu. Monika alivuna magunia kumi na manne. Saad alifunga mwezi wote, kisha akaacha fuso. Sasa anauza vipuri Sumbawanga. Cornelia hajambo.