Tundu la Saba

Ujiji ikikupa jina la utani, basi jiandae kuzikwa nalo. Mwanvua binti Nuhu alipewa lake na watu wa ufukweni, na hakuna aliyemwuliza kama analipenda. Walimwita Nitalipa-tu. "Nitalipa-tu kapita na ndoo." "Hebu mwulize Nitalipa-tu kama mvua inakuja."

Na tuseme haki, jina alilitafuta mwenyewe. Mwaka juzi alikopa dagaa wabichi kwa wenye mitumbwi watatu, akawaanika mchangani kama alivyofanya mama yake, ikashuka mvua siku tatu mfululizo. Dagaa wakaoza mpaka mbwa wakawasusa. Wenye mali walipokuja kudai walikuta mlango umekomewa na sauti inatoka ndani: "Nitalipa tu!" Ikapita wiki, ukapita mwezi, mlango ule ule, sauti ile ile.

Alilipa, jamani, tusimsingizie. Alilipa mwaka mzima, senti kwa senti, akiwageuzia wenzake dagaa kwa ujira wa siku, tena kwenye kiwanja kile kile cha mchanga alichorithi kwa mama yake na ambacho sasa alikikodisha ili ale. Deni likaisha. Jina likabaki. Kila mwenye mtumbwi aliyeombwa dagaa kwa mkopo alicheka kwanza, ndipo akakataa.

Alichokitaka Mwanvua si kikubwa: marobota manne ya wavu wa waya. Ukiwa na waya unatengeneza chanja, dagaa wako wanakauka juu juu bila mchanga, na mvua ikija unatupia turubai unakwenda zako kunywa uji. Bila waya, ilikuwa kurudi kulekule kuomba mawingu yakuonee huruma. Na waya pale Ujiji aliuza mtu mmoja tu, Mzee Gharib.

Mzee Gharib alikuwa na duka la jumla karibu na soko, miwani iliyofungwa kwa uzi, na imani kwamba bila yeye mji ungekuwa umeshakufa kwa ukosefu wa utaratibu. Ilikuwa miaka ya wakimbizi, Warundi wamejaa makambini na Wakongo wanavuka ziwa kila siku na magodoro kichwani. Gharib aliwahi kupeleka sabuni kwenye kambi ya mapokezi, akaona foleni ya kadi za chakula: kadi ya manila, namba pembezoni, karani anatoboa tundu kwa kila mgao. Wengine waliona njaa pale. Gharib aliona utaratibu. Alirudi na mashine ya kutobolea aliyoinunua mjini Kigoma, akachapisha kadi zake, na tangu siku hiyo hakukopesha mtu bila kadi.

Sheria zake zilikuwa chache. Unakopa, anaandika kwenye kadi kwa mkono wake tarehe na ulichochukua. Unalipa siku ya kumi na nne ya mwezi wa kuandama, kabla ya adhana ya adhuhuri, maana hiyo ndiyo siku ya kulipana tangu enzi za mababu: mbalamwezi ikiwaka dagaa hawaifuati taa ya karabai, mitumbwi inalala, na ufukwe mzima unafanya hesabu. Ukilipa, unatobolewa tundu moja. Ukifikisha matundu saba, unapewa kitu kikubwa kwa mkopo, waya, karabai, hata nyavu. Ukichelewa, mkasi. Anaikata kadi kona, na unaanza upya.

Mwanvua alichukua kadi kwa furaha, akaifunga kwenye mfuko wa nailoni, akaitia sandukuni chini ya doti ya kanga mpya. Baada ya miezi miwili akaenda dukani kifua mbele.

"Shikamoo, Mzee Gharib. Nimekuja kuulizia waya wangu."

"Marahaba." Gharib aliigeuza kadi mbele na nyuma. "Mbona haina hata tundu?"

"Itakuwaje na tundu, na mimi sijakopa! Miezi miwili, hata kiberiti sijakopa. Kadi safi kama ulivyonipa."

"Ndiyo tabu yenyewe, Bi Mwanvua. Usipokopa mimi nitajuaje kama unalipa? Kadi safi haina habari. Hata maiti hakopi."

Watu dukani wakacheka, na mmoja akasema Nitalipa-tu kapatikana. Mwanvua uso ulimwaka. Gharib, ambaye hakuwa mtu mbaya akiwa peke yake, akainama juu ya meza na kushusha sauti.

"Nikupe siri. Kopa kidogo. Kopa kitu ambacho pesa yake tayari unayo nyumbani. Sabuni, chumvi. Pesa iweke, usiiguse, mbalamwezi ikifika niletee. Usijaze kadi kama watoto wanaoona sambusa."

Basi kuanzia hapo Mwanvua akawa anakopa vitu alivyo na uwezo wa kununua. Alichukua mche wa sabuni kwa mkopo, akarudi nyumbani, akatia bei yake kwenye kopo la maziwa ya unga na kulikalia. Ndivyo hasa, aliligeuza kigoda. Mchana njaa ikimwuma alilisikia chini yake, na wallahi mara mbili alikuwa ameshainuka nusu.

Aliyeshangaa zaidi ni Melania, Mkongo aliyevuka kutoka mji wa Baraka na wanawe wawili, na ambaye siku za kutoka kambini alikuja kugeuza dagaa naye.

"Dada, weye iko na pesa," alisema Melania. "Nunua sabuni, maneno inaisha."

"Nikinunua sipati tundu."

Melania alitoa kadi yake ya chakula kifuani, imetobolewa kila upande. "Mie yangu iko na matundu mingi kuliko chujio, na hakuna mutu ananiita muaminifu."

Walicheka mpaka mwenye dagaa akawakemea. Lakini jioni Mwanvua aliliwaza neno lile likamchoma, kwa sababu yeye alikuwa anatafuta kwa kadi kitu ambacho Melania alikiacha ng'ambo ya ziwa bila kuulizwa. Kule Baraka kulikuwa na watu waliomwamini Melania hata kwa gunia zima la mchele.

Haba na haba. Tundu la kwanza, la pili, la tatu. Kufika la sita, wanawake wa mtaa wa Kasingirima walianza kumsalimia vizuri, na Sefu, mwenye mitumbwi mikubwa kuliko wote, alimwambia kwa mdomo wake: "Leta waya, Mwanvua, giza likirudi nitakupa beseni kumi. Bila waya sikupi hata kichwa cha dagaa." Giza ni zile siku mwezi ukishapungua, mitumbwi inaporudi kazini. Lilibaki tundu moja.

Mwezi wa tundu la saba ukaangukia Ramadhani, na Ramadhani ikaangukia masika. Alhamisi jioni Ujiji nzima ilisimama ufukweni kutafuta mwezi, na wingu lilikuwa limefunika kutoka Kongo hadi milima ya Kalinzi. Redio ikatangaza kwamba pwani mwezi umeonekana, Ijumaa ni kufunga. Wengine wakafunga. Wengine wakasema Ujiji ina macho yake.

Mwanvua na nyumba yake walikuwa upande wa macho. Ijumaa asubuhi alikwenda kwa Gharib kukopa kilo mbili za sukari na mfuko wa chumvi, akamkuta mzee na birauli la chai ya maziwa na maandazi matatu.

"Hukufunga, Mzee Gharib?"

"Nifunge kwa redio?" Gharib alimeza andazi. "Mtume kasema tufunge kwa kuuona. Leo ni Shabani thelathini, mama, na chai ni halali." Akaandika kwenye kadi, akafuta kalamu, akamalizia birauli.

Jumamosi wakafunga wote. Wiki iliyofuata masheikh walikutana, wakaridhika kwamba mwezi wa pwani ulikuwa wa kweli, na wakatoa neno: aliyekula Ijumaa ile ana deni la siku moja, alilipe baada ya Idi. Mwanvua alisikia. Alipiga fundo pembeni ya kanga yake ili asisahau, akaendelea na dagaa. Hesabu ya kadi hakuigusa, maana kadi iliandikwa na Gharib mwenyewe.

Siku yake ya kumi na nne, Ijumaa, saa nne asubuhi, alifika dukani na pesa mkononi, zimekunjwa zikalowa jasho. Duka lilifurika wanunuzi wa tende na tambi. Sefu alikuwepo, anapima kamba.

"Nimekuja, Mzee Gharib. La saba."

Gharib alitazama kalenda ukutani. Kisha akafungua droo, akatoa mkasi.

"Jana, Bi Mwanvua."

"Jana nini?"

"Jana ndiyo ilikuwa kumi na nne. Leo ni kumi na tano. Masheikh wamekwisha kusema, Ramadhani ilianza Ijumaa. Utaratibu ni utaratibu."

Mwanvua aligeuka. Alimwona Sefu akitazama pembeni, kama mtu aliyejua toka zamani. Nyuma kabisa mtu alinong'ona jina lile. Miezi saba ya kukalia kopo la maziwa, na waya ule pale umeviringishwa nyuma ya mzee, unang'aa! Miguu yake ilitaka mlango. Ilitaka kwenda nyumbani, ikomee, iseme kwa ndani yale maneno mawili.

Lakini ulimi ukatangulia. "Nipe kadi niisome."

"Unaijua, ya nini kuisoma?"

"Nipe, mzee wangu. Kukata utaikata, ila kwanza niisome."

Akaisoma kwa sauti, polepole, kama mtoto wa chuoni. "Ijumaa. Shabani thelathini. Sukari kilo mbili, chumvi mfuko mmoja." Akainua macho. "Mwandiko wa nani huu?"

"Wangu."

"Kama Ijumaa ile ni Shabani thelathini, leo ni kumi na nne, na adhana bado. Nitoboe."

"Iliandikwa kabla masheikh hawajakaa! Ijumaa ile ilikuwa Ramadhani mosi, mji mzima unajua."

"Haya, nimekubali," alisema Mwanvua, na watu dukani wakageuka kwa jinsi alivyokubali upesi. "Ilikuwa Ramadhani mosi. Basi mimi nilikula mchana wa Ramadhani, nina deni la siku moja, na fundo lake hili hapa kwenye kanga. Na wewe, mzee wangu? Birauli la chai na maandazi matatu, mbele yangu. Lako liko wapi?"

"Tumewaona wengi wakila siku ile," alisema Sefu bila kuinua kichwa kutoka kwenye kamba.

Gharib alivua miwani akaifuta. "Lile ni baina yangu na Mungu."

"Ndiyo, na Mungu hana mkasi. Nakuuliza tu kama umeliandika mahali."

"Sijaliandika, lakini nalijua!"

"Utalilipa lini?"

Na hapo mzee, amebanwa mbele ya wateja wake wote, joto limempanda, funga imemchosha, akapiga meza kwa kiganja na kupayuka: "Ah! Nitalipa tu!"

Mama mmoja mwenye tende akaguna puani, na Sefu akaangusha kamba, na duka zima likapasuka. Watu walishikana mabega. Nje waliulizana kuna nini, na jibu likapita mlango hadi mlango likiangusha watu. Mwanvua hakucheka. Machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuyafuta.

Gharib alikaa, akavuta pumzi. Na la kwake tumpe: alirudisha mkasi kwenye droo, akachukua mashine, akaibana kadi kwenye namba saba. Ka! Akahesabu pesa zake, akazitia kwenye kasha. Halafu yeye mwenyewe, si kijana wa duka, akabeba marobota ya waya moja moja hadi mlangoni.

"Haya makubwa," alisema akihema. "Utalipa lini?"

"Siku ya kumi na nne," alisema Mwanvua. "Na jioni ya kuandama nitakupitia hapa, tuutafute mwezi pamoja."

Baada ya Idi Mwanvua alifunga siku yake na kulifungua fundo. Giza lilikuwa limesharudi, Sefu akatoa beseni kumi, na chanja nne zilisimama kwenye kiwanja cha mama yake. Siku ya pili mvua ikaja na upepo kutoka ng'ambo. Yeye na Melania walitupia turubai la buluu juu ya dagaa, wakakaa chini yake na vikombe vya uji huku wengine wakikimbizana na mchanga.

Mvua ilipokatika, sauti ya Sefu ikavuma kutoka majini: "We Nitalipa-tu! Chumvi yangu iko wapi?"

Mwanvua aligeuka upesi, kwa mazoea, kikombe kikamponyoka. Lakini Sefu hakuwa anamtazama yeye. Juu kidogo ya ufukwe, kanzu imepandishwa magotini kwa ajili ya matope, Mzee Gharib alikuwa anasukuma toroli la chumvi.

"Naja, naja!" aliitikia mzee.

Melania akamwokotea kikombe. Mwanvua alibaki ameshika pembe ya kanga yake, haina fundo, mpaka dagaa walipohitaji kugeuzwa.