Maji Yasiyopungua

Pampu ilikoroma kidogo, ikanyamaza. Mushiya, aliyekuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya mashua, hakuinua uso. Alitazama saa ya simu yake. Dakika tisa zilikuwa zimepita tangu mkoromo wa mwisho, na mabomba yote mawili, la jikoni na la chooni, yalikuwa yamefungwa, hata tone halitoki.

"Unasikia?" akauliza Tata Polycarpe kutoka juu mlangoni, maana kuingia ndani hakuthubutu. "Njo vile tangu matanga iishe. Pompe iko inakunywa peke yake, na mayi mu tanki haipunguke."

Tata Polycarpe alikuwa karani wa mgodi miaka thelathini, na alipostaafu alinunua mashua hii kuukuu ya tanga, yenye kitanda na jiko ndani, ili azunguke Ziwa Nzilo yeye na mkewe Odile mpaka wachoke. Hawakuzunguka hata siku moja. Odile aliisikia pampu mara tatu, akashuka mbio viatu mkononi, akaapa harudi humo mpaka waje watu wa sala. Jumapili walikuwa wanakuja. Mzee alikuwa ameshawaagiza viti.

Wala hakuna aliyehitaji kuuliza wanakuja kumwombea nani. Maji ya mashua hii yaliwekwa na Symphorien, fundi bomba wa mtaa wa Kapata, mume wa Mushiya. Miezi mitatu iliyopita, saa sita mchana, upepo ulipindua mtumbwi mdogo aliokuwa anapiga kasia kwenda ufukweni kutoka kwenye mashua, ambayo wakati huo ilikuwa imetiwa nanga ziwani. Kuogelea hakujua. Walimtoa siku iliyofuata, si mbali na hapa mashua ilipofungwa.

Hayo kila mtu aliyajua. Lakini Kapata walijua na jambo jingine, na hilo ndilo lililokuwa linamla Mushiya.

Katika nyumba zile za kampuni, zilizopangwa mistari kwa mistari, maji huja yanapotaka yenyewe. Leo saa nne, kesho hakuna, keshokutwa alasiri. Kwa hiyo watu wa Kapata huacha bomba wazi na beseni chini yake. Maji yakija, beseni linapiga kelele, na popote ulipo unakimbia na ndoo zako. Alhamisi moja Symphorien aliacha bomba wazi akaenda kwa jirani kubishana habari za mpira. Maji yakaja kwa nguvu ambayo hayakuwahi kuwa nayo tangu mwaka uanze. Beseni likajaa, likafurika, nyumba ikaogelea. Magunia mawili ya unga ya Mushiya yakageuka uji, na picha pekee ya mama yake, iliyokuwa kwenye sanduku chini ya kitanda, ikabaki karatasi nyeupe.

Mushiya hakuwa mtu wa kukasirikia ndani. Alitoka nje, mstari mzima wa nyumba ukisikia, akapiga kelele: "Enda na mayi yako! Hapa usirudie tena!"

Symphorien alichukua mfuko wake wa vifaa, akachukua na lile beseni la kijani, sijui kwa hasira au kwa aibu, akaenda zake ziwani kumalizia kazi ya Tata Polycarpe. Siku ya nne alirudi amebebwa.

Kwenye matanga, Mbelu, dada ya marehemu, alisubiri mpaka watu wamejaa ndipo akasema. "Ulimuambia aende na mayi. Anaenda na mayi. Kinywa yako njo ilimutuma." Hakuna aliyemnyamazisha. Mushiya mwenyewe hakumnyamazisha, maana alikuwa ameshajiambia hayohayo kabla hata jeneza halijafika. Tangu siku ile alilifunga bomba la nyumbani kwa ufunguo mkubwa wa chuma, akalikaza mpaka likalia, na maji ya kunywa akawa anaomba kwa jirani.

Sasa alikuwa hapa. Miaka kumi na miwili alimshikia Symphorien mapaipu, na katika kushika akajifunza, mpaka wateja wengine wakaanza kumwita yeye. Tata Polycarpe alipompigia simu kwa sauti ya mtu anayeomba radhi, angeweza kukataa. Alikubali kwa sababu moja. Kama pampu hii ilikuwa na ugonjwa wa pampu tu, basi huenda na maneno yake yalikuwa maneno tu. Na kama haikuwa na ugonjwa, basi Symphorien alikuwa humu ndani, hajapoa, na alikuwa anamwita yeye.

Pampu ikakoroma. Dakika tisa.

"Haya," Mushiya alimwambia mtu asiyekuwepo. "Tufanye kazi."

Alianza palipo rahisi, kama alivyofundishwa. Pampu ya namna hii huamka inapohisi maji yamepungua nguvu ndani ya mapaipu, na nguvu hupungua kwa sababu mbili: ama maji yanarudi nyuma kwenye tangi, ama yanatoka mbele. Alifunga vali iliyo baada ya pampu, akakaa kwenye ngazi, akangoja nusu saa nzima. Kimya. Kwa hiyo maji hayarudi nyuma. Akafungua vali. Dakika tisa, ikakoroma.

Basi yanatoka mbele. Alichukua karatasi ya chooni, akakivisha kila kiungo cha paipu kipande chake, kiungo kwa kiungo, kama anayefunga vidonda. Aliporudi kuvigusa, vyote vilikuwa vikavu. Akainua mbao za sakafu. Chini yake palikuwa na vumbi na kifuniko cha chupa ya bia ya Simba. Asubuhi alikuwa ametia alama ya chaki kwenye tangi palipoishia maji. Akaenda kuangalia. Maji yalikuwa palepale kwenye chaki.

Maji yanatoka, pampu inayasukuma, na hayaendi popote. Katika kazi yake yote hakuwahi kuona maji ya namna hiyo. Aliogopa, tena aliogopa sana, na kama si Tata Polycarpe kukohoa pale juu, angepanda ngazi na kumwachia Odile watu wake wa sala.

"Mama Mushiya, ukishindwa si aibu," mzee akasema.

Maneno hayo yalimkera, na kukereka kulimsaidia. Alifunga njia ya jikoni, akafunga na ya chooni. Pampu ikakoroma vilevile. Njia zote zimefungwa, na maji bado yanapita! Basi kulikuwa na njia ya tatu. Mchoro wa Symphorien uliobandikwa ndani ya kabati ulionyesha mbili.

Aliacha macho, akatumia vidole. Alipenyeza mkono nyuma ya jiko, akaufuata mpira wa maji mpaka mkono ukaishia begani, na huko gizani akagusa kiungo kinachogawanyika. Akawasha tochi ya simu. Kiungo kilikuwa kimepakwa gundi, na juu ya gundi palikuwa na alama ya kidole gumba. Symphorien alimaliza kila kazi hivyo, kwa kuikandamiza mara moja na kidole, akisema sasa imetiwa saini. Gundi ilikauka zamani, lakini mistari yote ya ngozi yake ilikuwa bado inasomeka. Mushiya aliweka kidole chake pale, akakiacha muda.

Kisha akaufuata mpira kwenda mbele, mpaka kwenye kijumba chembamba cha puani kwa mashua ambako tanga lilikuwa limesokomezwa. Hakuna aliyekuwa amelitoa, kwa kuwa hakuna aliyesafiri. Alilivuta, zito, lina uvundo, mpaka kijumba kikabaki wazi.

Lile beseni la kijani lilikuwa pale.

Juu yake palikuwa na bomba la shaba, si la mashua, la nyumba, kama la Kapata. Lilikuwa limefunguliwa kwa kiasi cha unywele, likidondosha tone, tena tone. Beseni lilikuwa limejaa mpaka karibu na ukingo, na hapo ubavuni lilikuwa limetobolewa, likatiwa kiungo kipana na mpira unaoteremka chini kurudi tangini. Tone likiingia, tone linatoka, halimwagiki hata moja. Kwenye ubao, kwa penseli, palikuwa na mwandiko aliokuwa akiuona kwenye risiti zake miaka kumi na miwili:

*Trop-plein ya nyumba, ju Mushiya asikasirike. Siku ya 1, haimwange. Siku ya 2, haimwange. Siku ya 3, haimwange. Naenda kuiweka.*

Aliisoma mara mbili: trop-plein, njia ya kutolea maji yanayozidi, ili beseni la nyumbani lisifurike tena. Kisha akaingiza mkono kwenye mfuko wake wa vifaa, chini kabisa, alikokuwa ameficha kitu walichokitoa kwenye suruali ya marehemu na kumkabidhi. Kilikuwa kiungo cha paipu, kipana mno kwa mashua. Miezi mitatu alikigeuzageuza bila kujua ni cha nini. Sasa alikiweka kando ya kile cha kwenye beseni. Vilikuwa pacha.

Hakuwa anaenda na maji yake. Alikuwa anarudi nyumbani.

Mushiya alilia kwa sauti, bila kujali nani anamsikia, akimwita mumewe jina na kumtukana kwa mapenzi, mjinga wewe, si ungepiga simu tu, ungenipigia tu simu. Tata Polycarpe aliita mara mbili kutoka juu, kisha akaacha kuita.

Alipomaliza kulia, alishika bomba. Kulifunga kulikuwa kazi ya robo mzunguko. Alijua pia kitakachofuata, kama fundi yeyote anavyojua: ukifunga hapa, pampu itakoroma mara moja tu, kujaza nguvu iliyopungua, kisha haitakoroma tena. Alifunga taratibu, bila kukaza. Akaegemea ubao wenye ile penseli, akangoja.

Pampu ikakoroma. Aliusikiliza mkoromo wote, tangu mwanzo mpaka mwisho.

Dakika kumi zikapita, ishirini, thelathini. Akalimwaga beseni, akakata mpira, akapanda ngazi na beseni kichwani. Tata Polycarpe alikuwa amesimama, kofia mkononi.

"Mama, ilikuwa yeye?"

"Ilikuwa yeye, Tata," Mushiya akasema. "Alikuwa na kazi ya nyumba. Mi naenda kuiweka."