Theluji Juu ya Pejo ya Mwalimu

Jumatano ya pili ya Desemba 1997, saa moja na nusu asubuhi, wanaume wanne walisukuma Pejo ya buluu hadi gereji ya Fundi Uthmani, avenyu ya tisa, Buyenzi, Bujumbura. Paani ilikuwa na theluji kimo cha kiganja. Uthmani alimaliza chai yake kwanza, kwani gari halifi mara mbili, kisha akapangusa boneti kwa kiwiko na kusikiliza.

Aliyekuja nayo alikuwa Bwana Gaspard, mkurugenzi wa ofisi fulani, mkazi wa Kigobe, mtaa wa wakubwa.

"Fundi, neige, hii theluji, inanyesha juu ya hii gari peke yake tangu mwezi wa kumi na moja. Hayo mi nimezoea. Shida, asubuhi inakatala kuwaka. Ikifika Ijumaa bado, naiuzisha Uvira, kule Kongo."

"Itawaka, patron."

Uthmani hakuuliza theluji inatoka wapi. Chini ya sakafu ya gari palikuwa na mshono aliouchomelea kwa mkono wake miaka sita iliyopita, Pejo ilipokuwa ya Mwalimu Sylvère wa Mutakura. Mwaka 1995, watu walipofukuzwa mtaani na vita, mwalimu alikimbia kwa miguu, Pejo ikabaki uani, na baada ya miezi miwili karatasi zake zikazaliwa upya kwa jina la Gaspard. Habari ya mwisho ililetwa na msafiri wa Uvira, kwamba mwalimu amepelekwa Kanada. Tangu hapo kimya, hata barua moja. Basi theluji ilikuwa ya Kanada. Kilichomnyeshea mwalimu kiliinyeshea na gari yake.

Mke wa mwalimu, Dorothée, alikuwa amepanga chumba nyuma ya gereji. Gaspard alipoondoka, Dorothée alitoka na beseni, akachota theluji paani, akaishika mpaka vidole vikafa ganzi.

"Mutu amekufa hanyeshewi," alisema.

"Ni kweli, mama."

"Sasa wakiiuzisha Uvira, mi nitajua namna gani kama angali muzima?"

Uthmani akachukua spana. Alimchukia Gaspard, wala hakuificha nafsi yake hilo. Lakini hesabu ilikuwa moja tu: kadiri mwizi atakavyopanda gari zima, ndivyo Dorothée atakavyoendelea kupata habari za mumewe. Tena katika maisha yake yote hakuna gari lililorudi kwake na ugonjwa uleule, na hakukusudia la kwanza liwe hili, eti kwa sababu ya baridi.

Akamwaga oili nzito, akatia nyepesi iliyopenya vikwazo vya biashara vya nchi jirani kwa njia zake yenyewe. Betri akaivika blanketi la mtoto. Magurudumu ya nyuma akayafunga minyororo ya baiskeli kuukuu, pingili kwa pingili, kazi ambayo fundi wa Ulaya angeivulia kofia.

Ikabaki rejeta, ambayo maji yake yalikuwa yameganda jiwe. Dawa ya kuzuia maji yasigande haijawahi kuuzwa Bujumbura, na nani angeinunua? Uthmani alijua kwamba pombe kali haigandi. Alijua pia kwamba yeye ni mtoto wa haji, na kwamba Ijumaa huswali safu ya mbele.

Dorothée ndiye aliyekwenda kununua kanyanga, gongo la kienyeji, akarudi na bidoni mbili zilizojaa kichwani mchana kweupe. Uthmani aliimimina kwa mkono wa kushoto, uso kaugeuzia ukutani, kila glasi na astaghfirullah yake. Harufu ikavuka barabara mpaka kwa Sikuzani, muuza maandazi.

"Fundi! Gari yako imelewa!"

"Imelewa, lakini itafika kazini. Wa kwako analewa na hafiki."

Ijumaa alfajiri, akitoka msikitini, Uthmani aliikuta Pejo na theluji mpya, ila kioo cha mbele kilikuwa kimefagiwa. Hakuna aliyeigusa. Mapito ya ufagio yalikuwa marefu, kutoka kushoto kwenda kulia, na kona moja ya chini, upande wa dereva, ilikuwa imeachwa nyeupe. Uthmani aliifahamu kona ile. Miaka yote alimtania mwalimu, aliyekuwa akipangusa vumbi vivyo hivyo: "Mwalimu, hiyo kona unawekea nani?"

Akamwita Dorothée. Mama wa watu alitazama, akacheka, kisha akalia, kisha akasimama wima.

"Ni mukono yake. Uthmani, amenunua gari huko Kanada! Mutu hana gari hafagii kioo."

"Na anaamuka mapema," Uthmani alisema, kifua mbele, kama yeye ndiye aliyemuuzia. "Mwalimu wetu ule."

Dorothée akaenda kuvaa kitenge cha kanisani.

Gaspard alifika saa moja. Pejo ikawaka kwa jaribio la kwanza, bila kukohoa, ikanuka kanyanga kidogo.

"Umetengeneza, fundi. Basi siiuzishi tena. Na kioo umefagia. Bado hii kona."

"Hiyo kona siigusi, patron. Ina mwenyewe."

Gaspard akaipangusa kwa leso. Kabla leso haijarudi mfukoni, kona ilikuwa nyeupe tena. Akainua mabega, akaingia.

Tangu siku hiyo, kila majira ya baridi ya Kanada, alikikuta kioo kimeshafagiwa uani kwake Kigobe, kabla hajanywa kahawa. Hakuchelewa kazini hata siku moja, na ofisini walimsifu kwa kuheshimu saa.

Lakini Ijumaa ile alitoka gerejini polepole, minyororo ikilia juu ya lami. Dorothée alikuwa amesimama katikati ya avenyu na kitenge chake, anatazama kona. Gaspard akampigia honi apishe njia. Dorothée akapisha, kichwa juu.