Jasho la Kifuniko

Supu ilikuwa baridi, na ilikuwa baridi kwa makusudi. Mitsuyo, aliyeshughulikia vyombo na vyakula vya kwenye filamu, aliipika alfajiri akaiacha ipoe, kwa kuwa mvuke hutia ukungu kioo cha kamera. Aliimimina katika bakuli jeusi, akaifunika, kisha akalipanga sinia kama lipangwavyo kwa mtu aliye safarini: wali kushoto, supu kulia, samaki nyuma, vijiti vimelazwa. Kuramochi Sadae, aliyeigiza mama, alimtazama, mikono mapajani.

Hadithi ya filamu ile ilikuwa ya Wakorea kabla haijawa ya Wajapani. Binti anatoweka, mpelelezi anamsaka muuaji, na nyumbani mama anaendelea kumwekea mwanawe chakula. Katika filamu ya kwanza mama alifunika bakuli la wali kwa blanketi juu ya sakafu yenye joto. Siku alipoligusa akalikuta limepoa, alipiga yowe ambalo watu wa Tokyo walilisikia kwenye sinema na hawajalisahau. Sasa filamu inarudiwa Japani, blanketi limeondolewa. Mama atafunua bakuli la supu, kama walivyofanya akina mama wa huku tangu zamani. Kifuniko kikitoka jasho kwa ndani, aliye mbali ni mzima. Kikiwa kikavu, basi tena. Cha Sadae kilitakiwa kiwe kikavu, kisha alie.

Nonogaki, mwongozaji wa filamu, alikuwa kijana mpole asiyepaza sauti, na ndiyo maana ilikuwa vigumu kubishana naye. Asubuhi Sadae alimwomba supu ya moto, hata kidogo. Akamweleza kuwa mama anaweza kukuta jasho na bado akalia. Nonogaki alimsikiliza hadi mwisho, akainamisha kichwa, akasema watazamaji wanajua binti amekwisha kufa, wakiona jasho watahisi wamechezewa. Akaongeza, kwa heshima zote, kwamba nyumba waliyokodi inarudi kwa mwenyewe jioni. Machozi yasipopatikana leo, sehemu ile atapewa anayeigiza baba.

Sadae hakumwambia lile lingine, lile la kweli. Miaka mingi nyuma mwanawe Tsuneo alitoka nyumbani asubuhi akiwa na mwavuli na koti la kazini, asifike kazini wala kuonekana tena. Polisi walimwambia kwa upole kwamba mtu mzima akiamua kupotea, hana kosa. Tangu hapo humwekea sinia kila jioni. Na kila jioni humimina supu ingali inatokota, akafunika, akafunua upesi, kabla bakuli halijapata nafasi ya kusema vingine. Alijua anachokifanya. Hakuwahi kukutana na kifuniko kikavu, na alikwisha kujiapia kwamba hatakutana nacho.

Wakati wa chakula cha mchana alikaa peke yake barazani, akichokonoa samaki kwa vijiti. Bwana Pyo, Mkorea mnene aliyetunga hadithi ya awali, akaja na boksi lake la chakula akaketi kando yake.

"Mama, umemchokonoa huyo samaki mpaka sasa anaomba radhi," alisema.

Sadae akatabasamu kidogo, akamuuliza yowe lile alilisikia wapi. Pyo akacheka. Alisema bakuli lilikuwa la bibi yake. Mumewe alivuka mto kwenda kuuza ng'ombe, na mpaka wa Korea mbili ukafungwa nyuma yake.

"Kwa hiyo bibi alilia vile?"

"Hata mara moja. Wali ni wali, mama, ulipoa kila siku. Akiukuta umepoa anaupasha, anaurudisha chini ya blanketi, halafu anaukalia kama kuku na mayai yake." Alifuta midomo. "Yowe walilitaka wenye filamu."

Baadaye madirisha yalizibwa kwa vitambaa vyeusi ili mchana ugeuke jioni. Sadae alipiga magoti mbele ya sinia. Kamera ilipoanza kazi, aliweka vidole juu ya kifuniko. Akafunua.

Kilikuwa kikavu. Rangi nyekundu ya ndani iling'aa kama kitu ambacho hakijawahi kuguswa na maji. Aliyaita machozi, hayakuja. Dunia haikuanguka pia. Palikuwa na kifuniko tu, na mkono wake ulioshika kifuniko, na Tsuneo ambaye hakuwa karibu zaidi wala mbali zaidi kuliko jana. Akakisogeza mdomoni, akakipumulia taratibu, kama mtu anayesafisha miwani. Ukungu ukatanda kwa ndani, ukakusanyika, ukawa tone moja lililotaka kuteleza. Akalitazama.

"Haya," alinong'ona, akafunika bakuli.

Hakuna aliyesema "kata" kusimamisha kamera. Kisha Nonogaki akaja akapiga magoti mkekani.

"Mama Kuramochi, hilo umelitoa wapi?"

"Nyumbani. Nina mtoto ambaye hajarudi."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema mbele ya watu wa kazini. Nonogaki aliinama mpaka paji la uso likakaribia mkeka. Aliposimama, aliomba kwa sauti ya chini warudie mara moja tu, kamera ikiwa upande wa dirisha. Alie au asilie, hiyo ni juu yake. Nyuma yake Bwana Pyo alikuwa amegeukia ukuta, akijifanya anatafuta kitu mfukoni.

Mitsuyo akaja kukausha kifuniko. Alimwinamia Sadae karibu na sikio.

"Mama, nina birika linachemka kule jikoni. Nikiongeza maji ya moto kidogo tu kwenye supu, yule kijana hatajua. Kudanganya macho ndiyo kazi niliyoajiriwa kuifanya."

Kupitia mlango wa jikoni Sadae aliuona mvuke ukipanda, mweupe, mwingi, tayari.

"Asante, mwanangu," alisema. "Iache ilivyo."

Mitsuyo akafuta kifuniko ndani na nje, akakirudisha juu ya bakuli, akaondoka kwa kunyata. Sadae aliweka kiganja juu yake. Chumba kizima kilimngoja, naye safari hii hakuwa na haraka ya kufunua.