Wimbo wa Zulmira Kando ya Mto

Treni iliwashusha Porto, kaskazini mwa Ureno, jioni ya Novemba, manyunyu yakidondoka. Deolinda hakuwa amewahi kuuona mji huo. Mumewe, Albano, aliupitia ujanani akipelekwa vitani Angola, na kilichombakia kichwani ni stesheni na kelele za masajini tu.

Hawakuja kutembea. Deolinda alikuwa na saratani ya koo, na asubuhi yake alitakiwa hospitalini. Daktari aliwaambia bila kuzunguka: koromeo litatolewa lote, atapumulia tundu shingoni, na sauti itakwenda na koromeo.

Katika nyumba ya wageni walipewa chumba chenye vitanda viwili na dirisha linalotazama ukuta. Albano akaketi, akaanza kufungua kamba za viatu.

"Usivue," Deolinda akasema. Sauti yake ilikuwa inakwaruza tangu Pasaka.

"Daktari kasema upumzike."

"Nitapumzika kesho wakishanikata. Leo nimekuja mjini, Albano. Twende."

Wakashuka vichochoro vya mawe vinavyoteremka mtoni. Deolinda alimsalimia kila aliyepishana naye, kama kijijini. Wengine waliitikia, wengine waliongeza mwendo. Shakwe mmoja alitua juu ya gari, akawakodolea macho.

"Kuku gani huyu, mkubwa hivi na hana adabu?" Deolinda akauliza, na Albano, ambaye hakuwa amecheka wiki nzima, akacheka.

Penye kona kulikuwa na muuza kastanya, zile njugu kubwa za kahawia, akizichoma juu ya makaa. Kwao milimani ndizo zilizowalea. Deolinda akachukua moja, akaigeuzageuza.

"Kaka, hii ni kastanya au punje ya mahindi? Kwetu za namna hii tunawatupia nguruwe."

"Na hao nguruwe wenu, mama, nao wana mdomo kama wako?"

Deolinda akaangua kicheko, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikamkunja hata Albano akamshika mgongo.

"Pole, mama, pole," muuzaji akasema, uso umembadilika. "Mafua hayo. Kunywa divai ya moto na asali, kesho utaamka unaimba."

Albano akatazama chini. Kijijini kwao maiti hakushushwa kaburini bila Deolinda kuanzisha wimbo.

"Ahsante, kaka," Deolinda akajibu taratibu. "Nitakunywa."

Walipofika mtoni, mvua ilikuwa imekatika. Upande wa pili taa zilikuwa zinawaka moja moja. Deolinda akaegemea ukuta wa gati, akazitazama.

"Nataka kumwimbia Zulmira," akasema.

Albano akageuka kama aliyepigwa. Zulmira alikuwa binti yao, aliyekufa kwa homa kabla hata hajaota meno yote. Siku ya kumzika, Albano, aliyekuwa ametoka vitani karibuni, aliwakataza watu wasiimbe. Hakuweza kustahimili. Baada ya hapo hakuweza kulistahimili hata jina, basi likaachwa kutajwa nyumbani.

"Hapa? Mbele za watu?"

"Hawa hawatujui. Na kesho sitaweza. Ukiona haya, kasimame kule."

Albano hakwenda kule.

Deolinda akaanza. Sauti ilitoka nyembamba, ikakatika, ikarudi. *Nenda, mwanangu, usigeuke nyuma.* Mhudumu wa mkahawa wa jirani alitoka kuwafukuza, akaishia kusimama na sinia lake mkononi. Makaburini kwao, kila ubeti huitikiwa na watu wote. Hapa ubeti wa kwanza haukupata mwitikiaji. Deolinda alingoja kidogo, akaendelea na wa pili. Ulipokwisha, Albano aliitikia, sauti iko nje kabisa ya tuni: *Nenda, nasi twaja.* Aliitikia mpaka mwisho, machozi yakiingia kinywani.

"Umeimba vibaya," Deolinda akamwambia.

"Najua." Akapangusa uso kwa kofia. "Alikuwa na nywele zako. Zile zisizokubali kitana."

"Na miguu yako, maskini. Kama ya bata."

Wakapanda kilima polepole wakimzungumzia mtoto wao, huyu akianza, yule akimalizia. Deolinda alisimama kila baada ya hatua chache ili kuvuta pumzi, kisha akaendelea kusema.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Ndivyo walivyosema madaktari. Albano aliporuhusiwa kuingia, Deolinda alifumbua macho, akamtazama, akafungua kinywa kumwambia neno, kwa mazoea. Kilichotoka ni upepo tu, tena shingoni. Alishtuka, akafumba kinywa. Hakujua kuandika, na mikono ilikuwa imefungwa mirija.

Albano akasogeza kiti karibu.

Deolinda aliishi miaka sita baada ya hapo. Mara kwa mara Albano alimwuliza siku ile hospitalini alitaka kusema nini. Deolinda alifikiri sana, kisha akatikisa kichwa. Alikuwa amesahau.