Vidole vya Maestra Pura

Salud Villaluna alikumbuka kosa lao gari lilipokwisha kusimama nyuma ya ukumbi.

"Ate, hatukupita popote!"

Dada yake mkubwa Nimfa, ambaye kwa lugha yao alimwita Ate, alikuwa kwenye usukani; alijipiga paji la uso. "Yesu wangu! Foleni ya Manila imeniharibu akili."

Kwao hata mtoto anajua: ukitoka msibani huendi moja kwa moja unakokwenda. Lazima usimame kwanza mahali, japo ununue mkate, ili marehemu aliyekufuata apotelee hapo. Nao walikuwa wametoka kwenye jeneza la Maestra Pura, mwalimu aliyemfundisha Salud kuimba tangu utotoni.

"Atatokaje na mvua hii?" Nimfa alitania. "Bibi yule aliogopa mafua kuliko dhambi."

Salud hakucheka. Mwaka uliopita, katika jumba la opera huko Ujerumani, noti yake ya juu kabisa ilimpasukia kooni mbele ya ukumbi uliojaa. Tangu siku ile hakuna aliyemwita tena. Leo alikuwa anaimba mbele ya watu wake mwenyewe, na alikwisha kuapa: ikipasuka na hapa, basi, haimbi tena maishani. Maestra, alipokuwa bado hai, aliposikia habari ya Ujerumani alimpigia simu. "Ivunje tena noti ile, we mtoto, nami nitatoka jenezani nije nikuzabe kofi." Siku ile walicheka wote wawili.

Katika chumba cha kuvalia alikunywa chai ya tangawizi huku Nimfa akimfunga gauni. Mara pua yake ikanasa harufu ya mafuta ya mentholi, yale aliyojipaka Maestra kifuani kila asubuhi.

"Ate, umejipaka mafuta?"

"Mafuta gani? Mimi nanukia jasho tu."

Nywele za shingoni zilimsimama Salud.

Jukwaani piano ilianza. Aliimba ubeti wa kwanza macho yakiwa mbali, kwa kuogopa kutazama kiti cha mbele alichozoea kukalia Maestra. Ubeti wa pili ukaja. Noti ile ilimngoja mwishoni mwake kama mbwa mlangoni, na kadiri alivyoikaribia ndivyo koo lilivyozidi kubana, vilevile kama Ujerumani. Imekwisha, alijiambia.

Hapo vidole viwili, baridi kama chuma, vikamgandamiza chini ya mbavu. Ni pale pale Maestra alipozoea kumdunga akifoka, "Hapa! Pumzi inatoka hapa, siyo kooni!"

Salud alitaka kupiga ukelele. Alivuta pumzi mpaka tumboni kwa hofu, akafungua kinywa, na ukelele ule ukatoka ukiwa noti yenyewe, nzima, ndefu, bila ufa. Watu walisimama kabla piano haijanyamaza.

Nje, mvua ilikuwa bado inanyesha. Chini ya mbavu ngozi yake ilikuwa bado baridi.

"Haya, tupite dukani kwanza," Nimfa alisema akiwasha gari. "Tumwache huko huko."

Meno ya Salud yalikuwa yanagongana. Wiki ijayo alitakiwa kuimba mjini Cebu, wimbo ule ule.

"Usisimame popote, Ate. Twende nyumbani."

"Una wazimu?"

Salud aliingia kiti cha nyuma, akajibanza kwenye mlango, akaacha nafasi ya mtu mmoja.